Damu yote ni ya kaka yake, lakini kipimo kimeona ugonjwa: majibu haya yanasomwaje?

SWALI: Shikamoo daktari. Mke wangu ana miaka 34, tunaishi Nkuhungu hapa Dodoma. Mwaka jana aligundulika na saratani ya damu (lukemia) aina ya ALL, wakasema ni "Ph chanya". Alipewa kemo na vidonge vya imatinibu, kisha akapandikizwa uloto, ule ute wa ndani ya mfupa unaotengeneza damu, huko India, mchangiaji akiwa kaka yake wa tumbo moja. Imatinibu ilisimamishwa akiwa wodini kule na mpaka leo hajarudishiwa. Tumerudi wiki mbili zilizopita. Juzi tumetumiwa majibu ya uloto ya siku ya 100: kimerizimu asilimia 100 ya mchangiaji, MRD kwa flosaitometri hasi, halafu mstari wa mwisho umeandikwa BCR-ABL p190 imeonekana, 0.008%. FBP aliyopima hapa ni nzuri kabisa. Daktari wa kliniki anasema namba ni ndogo, tusubiri miezi mitatu. Binamu yangu ni nesi, anasema turudi India mara moja. Mama yangu ameshaleta dawa za kusafisha damu kutoka Kongwa. Inawezekanaje damu yote iwe ya shemeji yangu na ugonjwa bado uwepo? Michango ya watu imekwenda bure? Pia maabara moja mjini wameshindwa kusema kundi lake la damu; alikuwa O, sasa mara O, mara A. Na je, nimwombe shemeji achangie tena?

JIBU: Marahaba ndugu yangu, na poleni sana. Najua kilichokutoa usingizi ni ule mstari wa mwisho. Umesoma majibu mawili mazuri, ukapumua, halafu wa tatu ukakurudisha ulikotoka. Sasa unajiuliza ni maabara ipi imekosea.

Huenda hakuna iliyokosea. Majibu yote matatu yanaweza kuwa ya kweli kwa wakati mmoja, na hilo nitalieleza kwa urefu kwa sababu ukilielewa utaacha kuvutwa huku na huku. Ila kabla ya maelezo, msimamo wangu ni huu: miezi mitatu ni mingi mno kwa aina ya ugonjwa alionao mkeo, na kukata tiketi leo usiku pia si lazima. Kipimo hicho hicho cha BCR-ABL, ile jeni ya ugonjwa iliyo kwenye mstari wa mwisho, kirudiwe ndani ya wiki mbili hadi nne. Na wiki hii hii, usingoje kliniki ijayo, timu iliyompandikiza ijibu swali moja kwa maandishi: imatinibu, au dawa ya jamii yake, inarudi lini?

Tuanze na FBP, maana ndiyo inayotuliza watu wengi bila sababu ya kutosha. FBP inahesabu chembe zilizo kwenye damu inayozunguka: nyeupe, nyekundu, chembe sahani. Ni kipimo cha maana, na mkeo ataendelea kupimwa mara kwa mara. Lakini lukemia huanzia ndani ya mfupa. Inaweza kukaa kwenye uloto kwa wiki nyingi, ikijigawa taratibu, huku hesabu za damu ya mkononi zikiwa nzuri tu. FBP nzuri inakuambia uloto mpya unafanya kazi, jambo la kushukuru. Haikuambii kama kuna mabaki.

Hata darubini ina mpaka wake. Siku mgonjwa wa lukemia kali anapogundulika, mwilini mwake kunaweza kuwa na seli za ugonjwa zinazofikia trilioni moja. Baada ya kemo, mtaalamu akiangalia uloto kwa darubini na kukuta seli changa zisizofika 5 kati ya 100, na damu imerudi vizuri, tunasema ugonjwa umetulia. Mgonjwa huyo huyo anaweza kuwa bado amebeba hadi bilioni 10. Uloto wa mtu mzima mwenye afya nao una seli changa chache, kwa hiyo jicho la darubini haliwezi kushuka chini ya hapo na kutofautisha mbaya na nzuri. Ndiyo maana vikabuniwa vipimo vya mabaki, vile ripoti yako inavyoviita MRD.

Sasa kimerizimu, ile asilimia 100 iliyokuchanganya. Kipimo hiki hakitafuti saratani hata kidogo. Kinauliza: seli hizi ni za nani, za mgonjwa au za mchangiaji? Maabara huchagua maeneo kadhaa ya vinasaba ambako ndugu hawa wawili wanatofautiana, wanayapima, halafu wanakokotoa uwiano. Kwa kuwa mkeo ni mwanamke na aliyemchangia ni mwanaume, kuna na njia nyingine ya kuhesabu seli zenye kromosomu Y. Ukiichunguza damu yake leo utadhani ni ya mwanaume, na hilo ni sawa kabisa. Tatizo ni kwamba njia ya kawaida ya vinasaba inaanza kuona seli za mgonjwa zikifika kama 1 hadi 5 kati ya 100. Zikiwa chini ya hapo, ripoti itaandika asilimia 100 ya mchangiaji. Kwa hiyo isome hivi: "hatujaona seli za mgonjwa kwa uwezo wa kipimo hiki". Ni habari njema, maana uloto wa shemeji yako umeshika. Siyo ahadi kwamba hakuna seli hata moja ya zamani.

Dodoma kila mtaa kuna nyumba inajengwa, kwa hiyo chekeche unalijua. Lile la wavu mpana linazuia kokoto na kuachia mchanga. Chekeche la unga jikoni linazuia hata kapumba kadogo. Ukichekecha mchanga kwa wavu mpana usikute kokoto, hujasema chochote kuhusu pumba. Kimerizimu ni ule wavu mpana. Flosaitometri ni chekeche dogo zaidi, na PCR ya BCR-ABL, kipimo kinachonakili kipande cha jeni ili kionekane, ni dogo kuliko yote mliyopimiwa.

Flosaitometri hupitisha seli moja moja mbele ya mwanga wa leza na kusoma alama zilizo juu yake. Seli ya lukemia mara nyingi huwa na mchanganyiko wa alama ambao seli ya kawaida haina. Ikifanywa vizuri inaona seli 1 ya ugonjwa kati ya 10,000, na maabara zenye mashine na utaratibu wa kisasa hushuka hadi 1 kati ya 100,000. Ila miezi ya mwanzo baada ya kupandikizwa ina mtego wake: uloto mpya unapochipua hutoa seli changa za jamii ya B (aina ya chembe nyeupe za kinga) ambazo ni nzima kabisa, lakini kwa alama zinafanana mno na seli za ALL. Msomaji asiye na uzoefu anaweza kuzitia hatiani bure, au akizikwepa, akaacha na mbaya iliyojificha katikati yake. Nakwambia hili ili siku ikija ripoti ya flosaitometri yenye mashaka, msianze kulia kabla haijasomwa na mtu wa pili.

PCR inatafuta kitu kingine kabisa. Mwaka 1960, watafiti wawili wa mji wa Philadelphia, Peter Nowell na David Hungerford, waliona kromosomu fupi isiyo ya kawaida kwenye seli za wagonjwa wa lukemia. Ikapewa jina la mji huo, na herufi "Ph" kwenye faili la mkeo zinatoka hapo. Mwaka 1973 Janet Rowley akaonyesha chanzo chake: kipande cha kromosomu namba 9 na kipande cha namba 22 vimebadilishana mahali. Pale vilipoungana, jeni mbili zisizohusiana, BCR na ABL, zimekuwa moja, na jeni hiyo ya kuunga huiamuru seli ijigawe bila kupumzika. Shemeji yako hana muungano huo. Uloto wake hauna. Kwa hiyo BCR-ABL ikionekana kwenye sampuli ya mkeo, imetoka kwenye seli zake za zamani, au sampuli imechafuka maabara. Hilo la pili hutokea mara chache, lakini hutokea, kwa kuwa PCR hunakili kitu kidogo mamilioni ya mara na tone la sampuli ya mgonjwa mwingine linatosha kuharibu jibu. Hiyo ni sababu moja ya kurudia kabla ya uamuzi mkubwa.

Namba 0.008% maana yake ni kwamba kwa kila nakala 100,000 za jeni ya kulinganishia, wamepata nakala 8 za ugonjwa. Angalia: ni nakala za ujumbe wa jeni, siyo seli. Seli moja inaweza kutoa nakala nyingi au chache, kwa hiyo usikae na kikokotoo ukitafuta mkeo amebaki na seli ngapi. Namba hii ina faida ikiwekwa kwenye mstari na namba nyingine: ya mwezi huu, ya mwezi ujao, ya ule wa baada yake. Ikishuka hadi kutoonekana, tunapumua. Ikibaki pale pale, tunaangalia kwa karibu. Ikipanda, hasa ikipanda mara kumi, hatusubiri dalili.

Na ili ziwe kwenye mstari mmoja lazima zitoke maabara moja. Hapa ndipo wengi wanapopotea, nami nakuomba uwe mkali. Kuna p190 na kuna p210, ni maumbo mawili ya jeni hiyo hiyo. Watu wazima wengi wenye ALL ya Ph wana p190. Wagonjwa wa lukemia sugu, ile ya CML, karibu wote wana p210. Mashine ya GeneXpert, hii hii tunayoizoea kwa kupimia kifua kikuu, ina katriji ya BCR-ABL, ila katriji inayotumika zaidi ni ya p210 kwa ajili ya wagonjwa wa CML. Mkeo akipimwa kwa hiyo, jibu litatoka "haikuonekana", familia itachinja mbuzi, kumbe hakuna aliyetafuta kitu chenyewe. Kuna katriji nyingine ya p190. Kwa hiyo kabla hajatolewa damu, muulize mtu wa maabara: "Hiki ni p190?" Asipokuwa na uhakika, msilipe. Kingine, p210 ina kipimio cha kimataifa kinachofanya majibu ya maabara tofauti yalinganishike, p190 haina. Ndiyo maana 0.008 ya India na 0.02 ya maabara nyingine haziwezi kukuambia kwamba ugonjwa umepanda.

Nadhani hata ushauri wa daktari wa kliniki umetokana na tofauti hii, na simlaumu. Anaona wagonjwa wa CML wengi kuliko wa ALL waliopandikizwa. Kwa CML, BCR-ABL kuonekana kidogo katika miezi ya mwanzo baada ya kupandikizwa ni jambo la kawaida; mara nyingi kinga ya mchangiaji huimaliza yenyewe, na kusubiri huku ukipima ni busara. ALL ina mwendo mwingine. Inaweza kuongezeka kwa kasi ya wiki, na tumejifunza kwamba p190 kuonekana baada ya kupandikizwa, hata kwa kiasi kidogo, huongeza uwezekano wa ugonjwa kurudi usipochukua hatua. Yuko sahihi kwamba namba ni ndogo. Udogo huo ndio unaotupa nafasi ya kufanya kitu sasa hivi, ugonjwa ukiwa haujapata nguvu.

Huenda unajiuliza seli hizo zilisalimika vipi baada ya dawa kali zote zile. Kemo ya kabla ya kupandikizwa huua nyingi mno, lakini haikusudiwi kuua ya mwisho. Kazi hiyo ya mwisho tumeikabidhi kinga ya shemeji yako. Limfosaiti zake, chembe nyeupe za kinga, zikishakomaa ndani ya mwili wa dada yake, huzitambua seli za lukemia kuwa ngeni na kuzishambulia. Kwa bahati mbaya, limfosaiti hizo hizo zinaweza kuiona ngozi, ini na utumbo wa mkeo kuwa vigeni pia, ndipo anapopata upele, manjano au kuhara. Ndiyo sababu anameza siklosporini, kuzituliza. Kwa hiyo siku ya 100 inamkuta mgonjwa katikati: kinga mpya ipo, lakini imezuiwa nusu.

Nimeyaandika hayo nikiwa na hofu kidogo, maana najua mtu atasoma na kusema, "Basi tuache siklosporini, kinga ifanye kazi." Msifanye hivyo. Kuipunguza ni moja ya tiba zetu pale mabaki yanapoonekana, lakini hupunguzwa kwa ngazi, kiwango chake kikipimwa kwenye damu na ini likifuatiliwa. Ikikatwa ghafla nyumbani inaweza kuleta shambulio la kinga litakalomuua kabla lukemia haijafika popote.

Tiba zipo kadhaa, nazo hazina uzito sawa kwenu. Ya kwanza, na nafikiri ndiyo yenu, ni kurudisha kidonge kinachoizima BCR-ABL. Kuna vituo vinavyokirudisha kwa kila mgonjwa wa Ph uloto ukishashika, na kuna vinavyosubiri hadi PCR ione kitu. Njia zote mbili zinakubalika, ila ninyi mmeshavuka mstari wa njia ya pili: kitu kimeonekana. Kwa hiyo kama kimya cha timu ya India kilikuwa "tunasubiri PCR", basi PCR imejibu. Ni imatinibu au nyingine? Dasatinibu ina nguvu zaidi na hufika kwenye ubongo vizuri kuliko imatinibu, lakini inaweza kujaza maji kifuani. Ponatinibu huhitajika zaidi pale seli zikipata badiliko liitwalo T315I, linalozifanya imatinibu na dasatinibu zisishike. Ni dawa ya kuchungwa kwa sababu ya mishipa ya damu na moyo. Usishangae wakikuambia badiliko hilo haliwezi kupimwa kwenye 0.008%. Nakala ni chache mno kusomeka. Vidonge hivi vyote hugombana au kusaidiana vibaya na siklosporini na dawa za fangasi, na vinaweza kushusha chembe sahani, kwa hiyo dozi ya kabla ya kupandikizwa siyo lazima iwe dozi ya sasa. Kama mna kopo la imatinibu lililobaki kabatini, libaki huko huko mpaka mwandikiwe.

Ya pili ni hiyo ya kupunguza siklosporini, ambayo mara nyingi huanza kufikiriwa karibu na siku ya 100 hata bila ugonjwa kuonekana, kama mgonjwa hana dalili za kushambuliwa na kinga. Ya tatu, limfosaiti za mchangiaji, nitaigusa mwishoni kwa sababu inamhusu shemeji. Kuna pia blinatumomabu, dawa ya dripu inayozifunganisha limfosaiti na seli za ALL. Marekani iliidhinisha itumike kwa mabaki mwaka 2018. Dripu yake huenda mfululizo wiki nne kwa mzunguko mmoja na bei yake ni ya kutisha. Sijaona sababu ya kuizungumzia kwenu sasa. Upandikizaji wa pili hata usiutaje nyumbani.

Sasa kuhusu sampuli yenyewe, kwa sababu jibu zuri huanzia kwenye sindano. Kwa kuwa ile ya siku ya 100 ilikuwa ya uloto, na inayofuata iwe ya uloto. Kwenye ALL ya jamii ya B damu ya mkononi mara nyingi hubeba ugonjwa kidogo kuliko uloto, kwa hiyo "haikuonekana" ya damu baada ya "imeonekana" ya uloto haitufurahishi kiasi hicho. Daktari anapovuta uloto nyuma ya nyonga, mvuto wa kwanza kabisa, mililita chache tu, ndio uende kwenye kipimo cha mabaki. Ukivutwa wa kwanza ukapelekwa kwenye vioo vya darubini, kisha wa pili na wa tatu ndio ukaingizwa kwenye chupa ya PCR, huo umeshachanganyika na damu na namba itashuka kwa uongo. Mwombeni kabla hajaanza. Hakuna daktari wa damu atakayekasirika. Ujumbe wa jeni unaopimwa huoza haraka, unatakiwa ufike maabara ndani ya siku moja, mbili zikizidi. Kama sampuli inatoka Dodoma kwenda Dar es Salaam, iende kwenye boksi la baridi, isigusane na barafu, isigande, na isitolewe Ijumaa jioni. Kwa treni ya sasa hilo linawezekana kabisa siku hiyo hiyo. Jibu likirudi, tafuteni kwenye karatasi idadi ya nakala za ABL, ile jeni ya kulinganishia. Zikiwa 10,000 au zaidi, "haikuonekana" ina uzito. Zikiwa 2,000, sampuli ilikuwa dhaifu, na hilo jibu hasi halijasema kitu.

Mahali pa kufanyia hayo kwa hapa ni kwa daktari bingwa wa magonjwa ya damu. Hospitali ya Benjamin Mkapa imeshapandikiza uloto kwa watoto wenye selimundu, kwa hiyo wagonjwa wa namna hii si wageni kwao: siklosporini, maambukizi ya baada ya kupandikizwa, damu ya kuongezewa. Muwe na faili huko hata kama maamuzi ya dawa ya lukemia yanatoka India. Binamu yako ana hoja kwamba waliopandikiza wasikilizwe, lakini siku hizi ripoti inasafiri kwa dakika moja. Mtumieni mratibu wao majibu yote ya hapa, na muombe wazungumze na bingwa wenu moja kwa moja. Kusafiri tena kutakuwa na maana kama kipimo cha pili kitapanda, au kama tiba itakayoamuliwa haipatikani hapa.

Mama hapaswi kugombezwa. Anampenda mkwewe na amesafiri kutoka Kongwa na kile anachokijua. Mwambie tu kwamba lukemia haikai kwenye damu kama uchafu wa kuoshwa. Inazaliwa ndani ya mfupa. Na kwamba ini la mkeo sasa linachakata dawa nyingi kwa wakati mmoja, kiasi kwamba majani yoyote ya kuchemsha yanaweza kupandisha au kushusha siklosporini bila sisi kujua. Hata tunda la balungi limekatazwa kwa sababu hiyo hiyo: linapandisha kiwango cha siklosporini. Zabibu za kwetu hazina shida hiyo; zioshwe vizuri, kama ameshafunguliwa kula matunda mabichi. Mama akitaka kusaidia kweli, asimamie usafi wa maji ya kunywa na awazuie wageni wenye mafua. Hiyo ni kazi kubwa kuliko inavyosikika.

Na michango haikwenda bure. Asilimia 100 ya mchangiaji siku ya 100, FBP nzuri, flosaitometri hasi: hayo ndiyo waliyochangia watu. Kwenye kundi la WhatsApp huna wajibu wa kueleza 0.008. Waambie tiba inaendelea.

Kundi la damu nalo ni dalili kwamba mambo yanakwenda. Shemeji yako bila shaka ni A. Uloto wake unatengeneza chembe nyekundu za A, huku za zamani na zile alizoongezewa, za O, zikimalizika polepole. Chembe nyekundu huishi kama siku 120. Kwenye kadi ya kupimia, nusu inaganda na nusu haigandi, mtaalamu anachanganyikiwa. Msipime tena kwenye maabara za mitaani. Ombeni barua ya timu ya upandikizaji inayosema kundi la zamani, kundi la mchangiaji na tarehe, ikae kwenye pochi yake. Akihitaji damu katika kipindi hiki, kwa kawaida chembe nyekundu zinazomfaa ni za O, chembe sahani ni za kundi la mchangiaji, na damu yenyewe inatakiwa iwe imepigwa mionzi. Benki ya damu wakiona barua watajua la kufanya.

Yapo ambayo hayasubiri barua wala PCR. Homa ya nyuzi 38 au zaidi: hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku na hata kama anajisikia nafuu baada ya panado. Kipimo cha malaria kifanyike, ila kikiwa chanya kisiwe mwisho wa uchunguzi. Damu ya kuotesha vijidudu ichukuliwe na antibayotiki ianze bila kungoja. Dawa mseto msinunue wenyewe, zinagongana na baadhi ya dawa zake. Damu kwenye fizi, madoa mekundu miguuni, pumzi kukata, kuhara kusikokoma, macho ya manjano, upele unaosambaa: siku hiyo hiyo. Na moja ambalo watu hulipuuza, kichwa kuuma na kutapika, kuona vitu viwiliviwili, au ganzi kidevuni. Lukemia inaweza kurudia kwenye ubongo na maji ya uti wa mgongo wakati uloto ni safi, na ganzi ya kidevu huwa miongoni mwa dalili zake za mwanzo.

Kuhusu shemeji: asiombwe sasa. Mwaka 1990 Hans-Jochem Kolb na wenzake wa Ujerumani walionyesha kwamba limfosaiti za mchangiaji zikiongezwa baadaye zinaweza kuirudisha nyuma lukemia iliyorejea, lakini waliofaidika vizuri ni wagonjwa wa CML. Kwenye ALL matokeo ni ya wastani, na hatari ya kinga kushambulia mwili ni ile ile. Hutolewa kwa dozi ndogo zinazopandishwa, tena baada ya siklosporini kuondolewa, kwa hiyo kwa vyovyote zamu yake haijafika. Anachotakiwa ni kupatikana kwa simu na kutochangia damu kwingine bila kuwaambia. Ukiwasiliana na India, ulizeni kama walihifadhi kwenye baridi kali sehemu ya seli walizomtoa. Vituo vingi hufanya hivyo, na ikiwa ndivyo huenda asihitajike kusafiri hata mambo yakifika huko. Pia nahisi, kwa namna ulivyouliza, kwamba kuna aliyemwambia seli zake "hazikukubali". Mwonyeshe ile asilimia 100.